UZI: Kutembea polepole, kutoka mafunjo ya Dunga hadi msitu wa Kakamega

#1 Mleta uzi

Wadau, salamu kwenu nyote.

Mtu akiuliza hapa aende wapi wikendi akiwa Kisumu, majibu huwa yale yale: samaki, boti, muziki. Sina ugomvi na hayo. Leo naleta kitu ambacho kimenifaa sana na sijaona kikiandikwa: kutembea kwa utulivu. Sisemi mazoezi, sisemi kupanda mlima, wala kuhesabu hatua kwenye simu. Nasema kutembea taratibu, huna pa kuwahi, macho na masikio yakiwa hapo hapo ulipo.

Njia ninazozipenda ni mbili. Ya kwanza ni ukingo wa Ziwa Victoria pale Dunga, kwenye kinamasi. Ya pili ni msitu wa Kakamega, kama kilomita 50 kaskazini. Kwangu mimi hizi ni safari moja, na nitaeleza kwa nini nikifika msituni. Tuanze chini, majini.

Dunga iko kilomita chache kusini mwa mji na hakuna mwendesha boda Kisumu asiyepajua. Fika jua likichomoza. Wakati huo boti za omena, dagaa wa ziwa letu, zinarejea, taa za usiku zimezimwa, kina mama wanasubiri ufukweni na beseni zao. Usipite hapo kwa haraka. Salimia watu, kaa kidogo, sikiliza bei zikipangwa. Halafu ndipo ugeuke kuelekea kwenye mafunjo.

Kwa nini mapema? Ziwa letu halipwi wala halijai kama bahari, angalau si kwa kiasi cha macho kuona. Saa yetu sisi ni upepo. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, basi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na ndio uliowasukuma wavuvi wa matanga tangu zamani. Jua likipanda, nchi kavu inapata moto kwanza, upepo unageuka na kuja kutoka ziwani. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi maji yanatulia kabisa. Hicho ndicho kipindi chako. Kufika saa tano au saa sita utakuta mawimbi, jua kali, na ndege wamejificha.

Sasa mafunjo yenyewe. Tafadhali shika shina moja. Lina pembe tatu, ni laini, halina kifundo hata kimoja kutoka majini hadi juu, na kule juu limefungua shungi la nyuzi za kijani. Mengine yanapita kimo cha watu wawili. Lililokatwa utaona ndani lina nyama nyeupe, nyepesi, yenye hewa, ndiyo maana fungu zima huelea. Mikeka mingi inayouzwa kando ya barabara zetu inatoka hapo. Na chini ya mizizi ile maji ya mtoni yanayokuja na udongo yanapunguza mwendo, yanaacha matope, yanaingia ziwani yakiwa masafi kidogo. Mto mdogo wa Tako unamwagika upande huo. Ukitazama kwa makini utaona rangi ya maji ikibadilika.

Halafu simama. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Simama kama dakika kumi, usiongee, usitoe simu. Mwanzoni hakuna kitu. Baadaye kinamasi kinakuzoea na kila kilichonyamaza ulipofika kinaanza tena. Yangeyange wanarudi kwenye tope. Mdiria mweupe na mweusi anasimama hewani, anapiga mabawa mahali pamoja, kisha anajitupa majini kichwa mbele. Na ukibahatika utamsikia gonoleki wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu cha kukolea, utosi wa manjano. Huita wawili wawili, mmoja anaanza na mwenzake anamalizia, na usipojua utadhani ni sauti ya ndege mmoja. Huyu haishi kwingine ila kwenye mafunjo. Mafunjo yakifyekwa, naye hana pa kwenda. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama, na sisi wa Nyalenda tunakaa naye jirani bila kumjua.

Chini ya maji yale meusi hewa ni kidogo. Mbuta, yule sangara mkubwa anayekula samaki wenzake, hawezi kukaa humo, kwa hiyo samaki wadogo wanaokimbia kuliwa hujificha huko. Kamongo yeye hana shida, anapanda juu kuvuta hewa kwa mapafu. Ukiona maji yanatibuka mara moja halafu kimya, huenda ni yeye.

Kuhusu mawazo. Karo, kodi ya nyumba, maneno ya jana kazini, vyote vitakufuata hadi huko. Vikija, usipigane navyo. Mimi huchagua sauti moja ya karibu, labda mafunjo yakisuguana, na sauti moja ya mbali, labda injini ya boti, nazisikiliza zote mbili kwa pamoja. Akili ikiondoka, nairudisha kwenye zile sauti. Ni hivyo tu, hakuna mafunzo ya kulipia.

Angalizo moja kubwa: viboko. Hutoka jioni kula nyasi na kurudi majini alfajiri. Usitembee ukingoni giza likiwapo, na usijiweke kamwe kati ya kiboko na maji. Nenda na mwenyeji. Pale Dunga kuna waongozaji vijana wanaojua kila kona, na wapo wazee wavuvi pia. Mzee mmoja niliyetembea naye, sisi tunamwita jaduong' tu, yaani mzee kwa Kidholuo, huinua mkono kusimamisha msafara kabla sisi wengine hatujasikia chochote. Na usiingie majini pekupeku, kichocho kipo.

Sehemu ya msitu nitaiweka chini. Maswali karibuni.

#2 Mdau wa Kondele

Mkuu, uzi mzuri, ila niulize bila kukuvunjia heshima. Mimi natembea kila siku, Kondele hadi mjini, kwa sababu nauli ya mwezi inauma. Nikifika nyumbani miguu haitaki kusikia habari ya kutembea tena. Hii si starehe ya watu wenye nafasi?

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na nimelifikiria sana kabla ya kujibu.

Sikuambii uongeze safari. Safari unayo tayari. Ninachosema ni uondoe haraka kwenye kipande kimoja tu cha safari hiyo. Chagua mita mia mbili, labda pale penye miti, asubuhi kabla ya matatu kuanza kupigiana honi. Kwenye kipande hicho usipange siku, usijibu ujumbe. Sikia mguu unavyokanyaga, kisigino kwanza halafu vidole. Angalia miti ina nini leo. Kongoti wa mjini wana tabia zao, ukiwatazama wiki nzima utajua nani analala wapi. Baada ya hapo endelea na mwendo wako wa kawaida.

Wajapani walilichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 1982 wizara yao inayosimamia misitu ilianza kuwahimiza raia waende msituni kwa ajili ya afya tu, si kuwinda wala kukata kuni. Hayo yalikuwa kwa watu wa viwandani na maofisini, waliochoka kama wewe. Kwa hiyo siamini kwamba aliyechoka ndiye asiyehitaji. Naamini ni kinyume chake. Lakini mwili wako unaujua wewe, na siku ya kupumzika pumzika.

#4 Mdau wa Watamu

Salamu kutoka pwani. Nimefurahi mleta uzi kusema saa yenu ni upepo, kwa sababu huku kwetu saa ni maji. Tuna hori la Mida, kando ya Watamu, na ng'ambo ya barabara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtu anaweza kutembea kwenye mikoko na msituni siku moja, kama hivyo vyenu viwili, ila karibu zaidi.

Tofauti ni kwamba huku huendi unapotaka. Maji yakijaa, mikoko imezama hadi kwenye matawi na unatembea juu ya daraja la mbao la kuning'inia. Maji yakipwa, tope linafunguka, kaa wanatoka mashimoni kwa maelfu, na ndege wa kuhama kutoka nchi za baridi wanashuka kula. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanakwenda mbali sana halafu yanarudi kwa kasi. Mgeni asiyejua anaweza kujikuta amezungukwa. Kwa hiyo sisi humuuliza mvuvi kwanza: maji yanapwa saa ngapi? Na kila siku jibu linasogea mbele karibu saa nzima.

Hilo la kusimama dakika kumi nakubaliana nalo mia kwa mia. Kaa wa kwetu ukisogea wanazama wote kwa mpigo. Ukitulia, wanatoka mmoja mmoja, na dume lenye gando kubwa linaanza kulipunga.

#5 Mleta uzi

Ahsante sana dada, au kaka, wa Watamu. Umenipa hamu ya kufika huko.

Sasa msitu. Ukitoka Kisumu panda matatu ya Kakamega, shuka Khayega, chukua boda kupitia Shinyalu hadi Isecheno. Huo ni upande wa kusini, chini ya shirika la misitu, KFS. Upande wa kaskazini ni Buyangu, barabara ya Webuye, ambao ni hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya shirika la wanyamapori, KWS, na malipo yake hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Mimi hupendelea Isecheno kwa kuwa njia zake ni tambarare na miti ni mikubwa karibu na lango.

Huu ndio msitu pekee uliobaki Kenya wa aina ile ya misitu ya Kongo. Utalijua hilo mwilini kabla ya kuambiwa. Unatoka kwenye mashamba ya mahindi na chai, jua linachoma, hatua chache tu mwanga unakuwa wa kijani, hewa inapoa, na sauti yako mwenyewe inasikika ndogo.

Hapa mwendo upunguze zaidi ya ule wa Dunga. Msituni macho hayafiki mbali, kwa hiyo masikio ndiyo yanayokuongoza. Alfajiri mbega hunguruma, kundi moja likianza jingine linajibu kutoka bondeni. Hondohondo wakubwa weusi na weupe utawasikia kabla ya kuwaona, maana mabawa yao yanavuma juu ya miti kama mtu anayekung'uta blanketi zito. Ukisikia hivyo simama, tazama juu, watapita.

Kuna mti nataka mkaguse wote: mwiritsa. Gome lake ni jeusi, limepasuka vipande vya mraba. Okota jani lililoanguka, lipondeponde vidoleni, ulinuse, ni harufu chungu inayopanda puani. Gome hilo ndilo linalotafutwa na viwanda vya dawa ya tezi dume Ulaya, na limechunwa sana kila mahali Afrika hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti tangu miaka ya 1990. Utaona mingine ina makovu. Mti ukichunwa kuzunguka shina lote, unakufa ukiwa umesimama. Mimi nikiukuta mzima, mnene, hujisikia nimekutana na mzee wa familia, na siwezi kupita bila kuweka kiganja.

Mwingine ni mkuyu wa ile aina inayonyonga wenzake. Ndege anaacha mbegu kwenye panda la mti mwingine kule juu, mizizi inashuka chini, inalikumbatia shina, inakutana, inakaza. Miaka inapita, mti wa ndani unakufa na kuoza, na mkuyu unabaki umesimama ukiwa mtupu katikati. Unaweza kuingia ndani. Inama upite kati ya mizizi, simama, tazama juu: ni bomba refu la mbao, mwanga unaingia kwa vitundu, na popo wakiwemo watakuonyesha hawakupendi. Kaa humo kidogo. Watoto huingia wakicheka na baada ya muda wanaanza kunong'ona wenyewe.

Nilisema ni safari moja. Ule upepo wa mchana niliowaambia, unaotoka ziwani, hauishii ufukweni. Unapanda na unyevu wake hadi nyanda za Kakamega na Nandi, unakutana na upepo wa mashariki, mawingu yanajijenga, na saa nane au saa tisa radi inaanza. Ndiyo maana huku mvua ni ya alasiri na inafika kama milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu unaipokea, unaishusha polepole kwenye majani, kwenye mboji, hadi Mto Yala unaopita humo humo. Yala unashuka hadi kinamasi chake Siaya, kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini, halafu ziwani. Isiukhu nao unakwenda kuungana na maji ya Nzoia, na mwisho wake ni ziwani vilevile. Pale kwenye kinamasi cha Yala, ndani ya Ziwa Kanyaboli, bado yupo ngege wa asili, samaki wa jamii ya perege, ambaye ziwa kuu limekwisha kumpoteza.

Kwa hiyo mtu anayekata mti Shinyalu na mtu anayefyeka mafunjo Dunga wanagusa maji yale yale. Nimesoma hayo shuleni kama wengi wenu. Nilianza kuyajali nilipoyatembea.

#6 Mdau wa Shinyalu

Mulembe wadau. Mimi ni wa hapa hapa, nimekua nikichunga ng'ombe pembeni mwa msitu. Mleta uzi amesema ukweli, naongeza machache.

Siafu. Unaposimama kusikiliza, kwanza tazama unaposimama. Safu yao inavuka njia kimyakimya na ukiikanyaga watapanda ndani ya suruali kabla hujajua. Lakini wakipita, tulia pembeni utazame juu, kwa sababu kuna ndege wanaofuata siafu ili wale wadudu wanaokimbia. Hapo utaona ndege wengi kuliko ukizunguka siku nzima.

Nyoka wapo, swila wa msituni na mafutu wakubwa wanaofanana kabisa na majani makavu. Hawana haja na wewe. Vaa viatu vilivyofunika mguu, usiweke mkono pasipoonekana, mfuate mwongozaji.

Mkikutana na kina mama wenye kuni, wapisheni njia na muwasalimie. Mzigo ule ni mzito na wana ruhusa yao. Wengine wakitalii huwapiga picha bila kuwauliza, hilo linatuumiza.

Na mkitoka, nunueni mukombero, ule mzizi wa kutafuna, kwa wanaouza wa shambani. Utafune taratibu ukiwa bado njiani, utamu unakuja baadaye. Wa msituni umechimbwa kupita kiasi, mkiuliza uliotoka shambani mtakuwa mmetusaidia.

#7 Dada wa Milimani

Nimesoma uzi wote mara mbili. Nataka kumpeleka mama yangu. Amestaafu ualimu mwaka huu, magoti yanamsumbua, na tangu baba atutoke hatoki nyumbani ila kanisani. Je, ataweza? Na sisi wanawake wawili peke yetu ni salama?

#8 Mleta uzi

Dada, pole sana kwa msiba, na mama mpe heshima zangu.

Anzeni na Dunga. Ni tambarare, na akichoka mnaweza kumaliza kwa boti ya kasia kando ya mafunjo, bila injini, na atasikia kila kitu akiwa ameketi. Hakikisheni maboya ya kuvaa yapo kabla ya kupanda. Ulizia kwanza hali ya njia, kwa sababu maji ya ziwa hubadilika. Mwaka 2020 yalipanda hadi kwenye nyumba na vibanda vya ufukweni, wazee watawaonyesha yalikofika. Gugu maji nalo husukumwa na upepo. Leo ufuko mweupe, kesho asubuhi umefunikwa kijani na boti haipiti.

Kwa usalama, chukueni mwongozaji wa kikundi cha pale pale, mwanamke kama mnapenda, nendeni asubuhi, na mwambieni mapema kwamba hamtaki maelezo mfululizo. Waongozaji wazuri wanajua kunyamaza ila wanadhani mgeni amelipia maneno. Vaeni mikono mirefu, mbu wa kandokando ya ziwa si wa kudharau.

Kisha msimkimbize mama. Mwalimu aliyezoea kengele miaka yote hiyo atauliza mara kwa mara "tunakwenda wapi sasa?" Mwache aulize. Chukueni kiti kidogo cha kukunja, chai kwenye thamosi, na mkae pale anapopapenda hata kama mmetembea hatua hamsini tu. Akitaka kuzungumza kuhusu marehemu, hapo ni mahali pazuri. Akitaka kunyamaza, pia.

Kakamega muache hadi magoti yakubali, na mkienda chagueni njia fupi za Isecheno. Kilima cha Lirhanda, penye lile shimo la zamani la dhahabu, msijaribu naye. Kinateleza mvua ikinyesha na kupanda ni kukali.

#9 Dada wa Milimani

Ahsante kaka. Nimemsomea mama uzi huu. Ameuliza kama kuna mtu anamjua gonoleki kwa Kidholuo, na ametoa viatu vyake vya shule kabatini.

#10 Mleta uzi

Mwambie amuulize jaduong' mwenyewe. Huwa anakaa upande wa boti zinazotengenezwa, na anapenda sana kuulizwa.

Kwa wengine waliouliza inbox kuhusu msitu: Januari na Februari njia huwa kavu zaidi. Mvua za masika zikianza, bado nendeni, ila muwe mmetoka kabla ya saa nane. Mvua ya mawe ya Kakamega haipigi hodi. Tukipata watu sita hadi wanane tutagawana gharama ya mwongozaji. Zaidi ya hapo ni kelele, tutagawanyika makundi mawili. Mdau wa Shinyalu, kama una nafasi, tutaomba ututangulie mbele, na mukombero wa shambani tutanunua kwa jirani zako.

Andikeni majina hapa chini.